Nauguza, Sitaki Kuugua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaouguza Wenzi Wao

Mke wangu alipooza upande wa kulia mwaka 2019. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Kirumba, jijini Mwanza, si daktari. Tupo wachache, wake kwa waume, tunaouguza wenzi wetu majumbani: Mabatini, Igogo, Buhongwa, wengine wanavuka kutoka Sengerema. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, na kila anayekuja mara ya kwanza huuliza yale yale aliyouliza aliyemtangulia. Nimeamua kuyaandika. Sehemu za vipimo na dawa nimemsomea muuguzi tunayemwamini, akanisahihisha mahali pawili.

Mgonjwa ni mume wangu. Mbona mnaniuliza habari za presha yangu?

Kwa sababu nami niliulizwa hivyo nikacheka. Miaka miwili baada ya mama watoto kupooza, nilikuwa nateremka kwenda soko la Mwaloni kulipia magunia, nikaona njia inazunguka. Kijana wa bodaboda akanishika, akanipeleka duka la dawa la karibu. Kipimo kikasoma 192 kwa 118. Yule dada wa duka akaniuliza kadi yangu ya kliniki iko wapi. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, chini kabisa, imefunikwa na kadi za mke wangu, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa ilikuwa imepita miezi mitano. Dawa za mke wangu sikuwahi kuzikosa hata siku moja. Zangu niliacha bila hata kuamua kuziacha.

Ndivyo inavyotokea kwa wengi wetu. Hakuna anayesema "leo naacha kujitunza". Siku ya kliniki yako inagongana na siku ya mazoezi ya mgonjwa, unasema wiki ijayo, na wiki ijayo nayo ina jambo lake. Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza kikaoni ni ndogo tu: kadi yako na kadi ya mgonjwa zifungwe kwa mpira mmoja. Ukiitoa yake, yako inatoka nayo. Na uombe kituo kiwapangie siku moja. Wengine watakubali, wengine watakwambia kliniki ya presha ni Jumanne na ya mazoezi ni Alhamisi, basi. Kuna kituo kimoja mjini hapa kilinirudisha kwa sababu tarehe yangu ilikuwa imepita, kana kwamba presha nayo hungoja tarehe. Usikate tamaa, nenda kingine.

Nipime nini, na mara ngapi?

Presha kwanza. Kama huna historia yoyote na umevuka miaka 40, usipitishe mwaka. Kama unauguza na hulali vizuri, mimi nasema kila miezi mitatu, haikugharimu kitu kikubwa. Kabla ya kupimwa nenda haja ndogo, kaa kimya dakika tano, miguu yote chini, mkono uegemee meza usawa wa moyo. Usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa hiyo. Wengi tunapimwa tukiwa tunahema kwa kupanda mlima wa hospitali ya Bugando tumembeba mtu, halafu tunashangaa namba. Ikirudia kufika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni presha, na inataka mganga wa kituo, si majirani. Ikifika 180 kwa 120 pamoja na kichwa kuuma vibaya, kifua kubana, macho kuona giza au mkono kulegea, usisubiri asubuhi.

Sukari: ile ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi, inarudiwa ili kuthibitisha. Mama mwenye miaka 30 hadi 50 aulizie uchunguzi wa shingo ya kizazi hapo hapo anapomsindikiza mumewe. Na meno. Hakuna anayekumbuka meno mpaka usiku wa manane.

Sote wawili tuna presha na vidonge vinafanana. Nikiishiwa, nimeze vyake?

Hapana, ingawa najua mnafanya. Vinaweza kufanana rangi na visiwe dawa moja, au vikawa dawa moja kwa kipimo tofauti. Wapo wenye dawa ya presha inayolinda figo, wapo wenye ya kupunguza maji mwilini. Ukila isiyo yako unaweza kushuka ghafla ukaanguka jikoni. Zaidi ya hayo, mkigawana dozi ya mtu mmoja, hakuna anayetibiwa. Sema ukweli kwa mtoa dawa kwamba pesa imetosha za siku kumi tu. Afadhali ununue kumi zako, kisha urudi. Na ukiandikiwa dawa ghali, uliza kama kuna nyingine ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile. Mara nyingi ipo.

Mgongo wangu umekwisha. Nimezoea diklofenaki kila jioni.

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo.

Diklofenaki na ndugu zake, ibuprofeni akiwemo, hupandisha presha, hukwangua tumbo, na ukizinywa kwa muda mrefu huumiza figo. Mtu mwenye presha anayezimeza kila siku anazima moto kwa mkono mmoja na kuuchochea kwa mwingine. Parasetamo ni salama zaidi ukifuata kipimo, lakini hata hiyo haitatibu mgongo unaovunjwa upya kila alfajiri. Dawa ya mgongo ni jinsi unavyobeba.

Godoro la chini ndilo adui. Ukimwogesha na kumbadilisha mtu aliye sakafuni, unainama mara ishirini kwa siku. Mtafutie kitanda, na kifike usawa wa nyonga yako wakati unamhudumia. Wengine tumeinua miguu ya kitanda kwa matofali ya saruji, tukakisukuma hadi ukutani, na upande wa pili tukaweka benchi ili mgonjwa asidondoke. Unapomgeuza usimvute. Tandika shuka imara chini yake kuanzia mabega hadi mapaja, ikunje pembeni, ushike karibu na mwili wake na umviringishe kukuelekea. Mkiwa wawili kazi hii ni nyepesi; peke yako na mtu wa kilo 80 ni kutafuta balaa. Unapomwinua kukaa, kunja magoti yako, mgongo unyooke, mgonjwa awe karibu na kifua chako, na msikilizane hesabu: moja, mbili, tatu. Aliyepooza usimvute kwa mkono ulioshindwa. Bega lake litatoka, na maumivu yake yatakuwa kazi yako mpya.

Kugeuza kila saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo ni sahihi, nimefundishwa hivyo na naamini. Lakini nimeona mama mmoja akigeuza peke yake usiku kucha kwa miezi minane. Usiku gawaneni zamu, hata kama ni mtoto wa kidato cha tatu kushika zamu ya kwanza mpaka saa tano. Watoto wadogo wasibebe.

Kwa wanaokaa milimani, pale Mabatini au juu ya Igogo ambako gari halifiki: msimteremshe mtu mgongoni juu ya mawe. Vijana wanne na machela ya turubai na miti miwili. Lipeni soda.

Silali. Nakunywa enaji ili niendelee. Ni vibaya?

Kopo moja siku ya dharura halikuui. Kila siku, tena jioni, yanakula usingizi ule mdogo uliobaki na kukimbiza moyo. Mtu mzima anahitaji kama saa saba. Mwenye kuuguza hazipati kwa mkupuo, basi zitafute vipande, lakini walau kimoja kiwe cha saa nne bila kuamshwa. Hicho ndicho cha kumwomba ndugu: si "nisaidieni", bali "njoo saa tatu usiku uondoke saa saba". Adhuhuri mgonjwa akisinzia, nawe lala. Vyombo havitakimbia.

Nakula, lakini napungua. Au nanenepa. Sijui.

Wengi wetu tunakula masalia ya mgonjwa tukiwa tumesimama. Uji wake uliopoa, nusu ya ndizi, kisha saa nne usiku sahani kubwa ya ugali kwa hasira. Pakua chakula chako kwanza, ukae, ule. Hilo tu linabadilisha mengi.

Sisi wa ziwani tunabahati, dagaa hawa wadogo wanaliwa na mifupa yao, wana protini na madini ya mifupa kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Nauza dagaa kwa hiyo unaweza kusema najipigia debe. Chunga chumvi lakini: kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku nzima ndicho kikomo, na kipande cha kayabo, samaki wa chumvi, kikiingia chunguni bila kulowekwa kinaweza kukimaliza peke yake. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha, mwaga tena. Matobolwa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ni vya kushiba, ila ukiwa na sukari pima kiasi, usile kama uko shamba la mpunga.

Nalala sakafuni kando ya kitanda. Chandarua kinamtosha yeye tu.

Basi mbu wote ni wako. Kanda ya Ziwa ina malaria mwaka mzima, na anayeuguza ndiye anayelala nje ya neti. Nunua ya pili, funga hata kwenye miguu ya kiti. Ukipata homa pima kwanza ndipo umeze dawa mseto. Si kila homa ni malaria, na uchovu wa kuuguza nao huuma viungo.

Jambo jingine la ukanda wetu ambalo wageni hawalijui: kufua mashuka ya mgonjwa ukiwa umesimama ziwani. Konokono wa kwenye majani ya ukingoni ndio wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mguu ndani ya dakika chache. Chota maji, yaache kwenye pipa lililofunikwa siku mbili, ndipo ufue. Ukiona damu chooni au tumbo linakusumbua kwa muda mrefu, waambie zahanati kwamba unaingia ziwani. Dawa ni ya siku moja, wanakupa kulingana na uzito wako.

Ugonjwa wake unaambukiza. Nifanyeje bila kumfanya ajione najisi?

Inategemea ugonjwa. Kifua kikuu huenda kwa hewa, kwa hiyo dirisha liwe wazi mchana na usiku, naye akohoe kwenye kitambaa. Dawa ni za miezi sita na hutolewa bure. Baada ya wiki chache za kumeza vizuri hatari ya kuambukiza hushuka sana. Wewe na watoto mpimwe hata kama hamkohoi, maana ipo dawa ya kinga kwa waliokaa na mgonjwa. Kikohozi chako kikifika wiki mbili, usikiite cha vumbi.

Homa ya ini aina ya B huenda kwa damu na kwa kujamiiana. Sahani na vikombe havina kosa lolote, msimtengee. Wembe na mswaki ndivyo visigawanwe. Pima, ukiwa huna, kuna chanjo ya dozi tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza.

VVU: mwenzi anayetumia dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hakuambukizi kwa tendo la ndoa. Kabla hajafika hapo, kondomu, na kwako kuna dawa kinga.

Kwa damu, kinyesi na matapishi vaa glavu. Zikikosekana, mfuko safi wa nailoni usiotoboka ni bora kuliko mkono mtupu. Kisha sabuni na maji yanayotiririka.

Jana nilimfokea. Alijikojolea mara ya tatu na nikamwambia maneno.

Karibu chamani. Mimi nilimwambia mke wangu jambo mwaka 2020 ambalo sitaliandika hapa. Nilimwomba radhi siku hiyo hiyo, akanijibu kwa mkono wake wa kushoto kunishika sikio, kama anavyowafanyia wajukuu.

Ukiona hasira inapanda, hakikisha yuko salama, toka nje ya mlango, zunguka nyumba. Lakini kama imekuwa kila siku, au umefikia kumpiga au kumnyima chakula, hilo si jambo la kungoja kikao cha Jumamosi. Mpigie ndugu leo aje akae naye, wewe uondoke usiku huo.

Najuaje kama ni uchovu au ni ugonjwa wa mawazo?

Uchovu hupungua ukilala. Wiki mbili ukiwa na huzuni karibu kila siku, au hata vile ulivyovipenda havikugusi tena, yaani mpira, kwaya, soga za kijiweni, hiyo ni sonona na inatibika. Wanaume wa Kisukuma tunaificha ndani ya chupa. Pale Bugando kuna kliniki ya afya ya akili, na hata zahanati inaweza kukuandikia rufaa. Ukianza kuwaza kufa, au kwamba bora mfe wote wawili, mwambie mtu dakika hiyo hiyo na usibaki peke yako. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Mawifi zangu wanakuja kutazama tu. Wanakaa, wanalia, wanakula, wanaondoka.

Dada yangu, wape kazi. Mtu akisema "pole, ukihitaji chochote sema", tayari uwe na karatasi ukutani: Jumatatu maji, Jumatano kufua, Alhamisi saa nane hadi saa kumi na moja kukaa na mgonjwa. Aliyeko Dar es Salaam hawezi kufua, lakini anaweza kutuma pesa ya nepi za watu wazima. Atakayekasirika kwa kupewa zamu atapunguza kuja, na hiyo nayo ni nafuu.

Mimi ni mwanaume. Watu wanasema mke wangu kaniwekea limbwata kwa sababu namwogesha.

Nimesikia. Nikiwajibu huwa nauliza nani atakuja kumwogesha kesho saa kumi na mbili. Hajawahi kutokea mtu.

Na tendo la ndoa?

Linaulizwa kwa sauti ya chini kikao kikiisha, hasa na vijana. Kiharusi hakizuii milele. Muulize daktari anayemtibu ni lini salama, kwa sababu presha iliyotulia na dawa zinazotumika zina uzito wake. Dawa zingine hupunguza hamu, na zinaweza kubadilishwa ukisema. Aliyetoka nje ya ndoa simhukumu hapa, ila apime, na asimletee mgonjwa dhaifu ugonjwa wa pili.

Wazee wanataka twende kwa mganga.

Nyumba yako, imani yako. Mimi naomba mambo matatu: vidonge visisimame, mizizi isiyojulikana asipewe mwenye matatizo ya figo au ini, na hela ya dawa zako wewe isiingie kwenye hesabu ya kuku na mbuzi.

Nimeajiriwa. Sheria inanipa siku ngapi za kuuguza?

Utashangaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ilivyotungwa, ilitoa siku nne zenye malipo mtoto wako akiugua au akifa. Kwa mke au mume, siku hizo nne zilitajwa kwa kifo. Kuugua hakukutajwa. Kwa hiyo wengi hula likizo yao ya mwaka, ambayo ni siku 28, wakiuguza, kisha hawapumziki kabisa. Kaa na mwajiri mapema, omba kubadilishiwa zamu kabla hujaanza kuchelewa. Na ukiugua wewe, una hadi siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Zinataka cheti cha daktari. Ndiyo maana nasema nenda ukaonwe, usijifie kimya kimya ukiwa zamu.

Nimetoka Ukerewe, mume wangu amelazwa Bugando, sijui tutakaa hadi lini.

Umekuja na dawa zako? Wengi wanapanda meli Nansio wakiwa na mkoba wa mgonjwa tu. Bugando ni rufaa ya kanda nzima, wanatoka Kagera, Mara, Geita, Simiyu, na siku tatu hugeuka wiki tatu. Kama vidonge vyako vimebaki kisiwani, nenda na kadi yako, au hata picha ya pakiti kwenye simu, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au kituo chochote cha mjini. Kama una bima, angalia jina lako limo, si la mgonjwa peke yake. Kunywa maji, wanaouguza wodini hukwepa kunywa ili wasiache kitanda kwenda chooni. Na asubuhi, wakati madaktari wanapita na ndugu wanatolewa nje, usikae ukutani. Teremka mlima hadi chini, panda polepole. Hiyo ni nusu saa, na mara tano kwa wiki inatimiza dakika 150 za mwili kutembea.

Mke wangu alifariki mwezi wa tatu. Bado nije?

Njoo. Mwili wako ulikuwa unaamka saa nane usiku kumgeuza, bado utaamka. Presha ya watu kadhaa hapa ilipanda baada ya arobaini, si kabla. Dawa alizoacha zirudishe duka la dawa au hospitali, usizianze wewe wala usimgawie jirani. Kadi yako itoe kwenye ule mpira, uje nayo. Tunaanza saa nne, chai ipo, na viti vya nyuma ni vya wasiotaka kuongea.